Hoja ya Shangazi Chiku

Hadi leo, nikipita Majengo na kusikia harufu ya alizeti inayokamuliwa, narudi kwenye nyumba yetu nyuma ya mashine ya mafuta, Shangazi Chiku amekaa mlangoni anachambua kunde.

Shangazi, dada yake baba, aliamini binadamu haaminiki. Mama Salma, jirani aliyehamia kutoka Kondoa, alipotuletea maboga, shangazi alisema, “Wema huu una lake jambo.” Asipobisha hodi siku mbili: “Mmeona? Ndiyo tabia yake hiyo.”

Alasiri moja, mama akiwa Mtera kununua samaki, nilirudi kutoka shuleni nikamkuta shangazi anazunguka uani akilia. Alikuwa amekwenda bombani, na aliporudi mdogo wangu Yohana, wa miaka minne, hakuwepo. Mlango wa Mama Salma ulikuwa na kufuli.

“Nilisema mimi! Amemwiba!”

Baba alikuja mbio kutoka sokoni, kope zimejaa vumbi la mtama, akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba.

Kisha bajaji ikasimama. Akashuka Mama Salma, Yohana mgongoni, anatafuna andazi. Mtoto alikuwa amejisokomezea kunde puani, naye Mama Salma akamkimbiza zahanati.

“Nilimwagiza fundi wa mashine awaambie,” alisema Mama Salma. “Labda hakunisikia kwa ule mngurumo.”

Baba alikaa palepale chini, akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilimkumbatia Yohana mpaka akalalamika.

Jioni, akisonga ugali, shangazi alinong'ona, “Wenye nia mbaya ndivyo wanavyoanza. Kwanza uwaamini.”

“Shangazi,” nikauliza, “asipomrudisha mtoto ni mbaya, akimrudisha ni mbaya. Sasa mtu mwema angefanya nini ili umjue?”

Mwiko ulisimama. Baba akakohoa kuficha kicheko.

“Hebu lete mboga,” shangazi akasema.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimshinda. Ukubwani ndipo mama aliponieleza kuwa mume wa shangazi alimwacha mjamzito, akaondoka na rafiki wa shangazi, wa chanda na pete. Hoja yake ilikuwa na kasoro, ni kweli: wawili walimwumiza, akawahukumu wote. Na mimi pia nilikosea, maana kwa jirani mmoja mwema niliona dunia nzima ni salama. Shangazi alijua kwamba haiko hivyo. Hata hivyo, asubuhi iliyofuata siku ile Yohana aliporudishwa, alijifunga kanga, akaenda kubisha hodi kwa Mama Salma, na wakanywa chai mpaka jua likawa kali.