Mvua Iliyonyesha Baba Akiwa Malindi

Mwaka 1911, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita kwa makadirio ya karani aliyenitazama mara moja akaandika, ndipo taabu yangu ilipoanza. Ilianza kwa mvua, si kwa jua. Nalisema hilo mapema, kwa sababu vijana wakisikia kwamba sisi wa Ganze tulilala njaa mwaka ule hudhani mvua ilitunyima. Haikutunyima. Ilikuja, ikabisha hodi, ikamkuta mwenye nyumba hayupo.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi, hodari wa maneno, mwoga wa mambo ya mbingu. Masika ya mwaka uliotangulia mawingu yalimdanganya, akapanda udongo ungali vumbi, na mbegu zote zikaliwa na kwale na mchwa. Shemeji yake alimwambia mbele ya watu kwamba kama nia yake ni kufuga kwale, ajenge tundu. Tangu siku hiyo baba aliapa hatatia jembe ardhini tena bila kuwauliza wajuzi, na wajuzi kwake walikuwa watu wa pwani.

Huko Malindi alikuwapo mwalimu mmoja aliyehesabu mwaka. Alianzia Siku ya Mwaka, akahesabu siku kumi kumi, kila kumi akaiita mwongo, na kila mwongo alijua una nini ndani yake: upepo gani, joto gani, mvua ipi. Wenye minazi walimwendea. Hata Wahindi wenye maduka, waliokuwa na kalenda zao za karatasi ukutani, walituma mtu kumwuliza kabla ya kununua nafaka. Simbezi mtu yule. Hesabu yake ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Kaskazi ilipokuwa inakwisha, joto limetukaba koo, baba alichukua jogoo na kibuyu cha asali akateremka Malindi, mwendo wa siku mbili. Alisema atarudi na habari ya mvua.

Siku ya tano tangu aondoke, mvua ikanyesha Ganze. Wala haikuwa manyunyu. Ilinyesha siku nne, na kwetu, ambako mama alikuwa akitoka alfajiri kuteka maji na kurudi jua la utosi, maji yalisimama mlangoni. Udongo ukageuka mweusi. Ukiufumbata kiganjani unashikana.

Mbegu ilikuwapo, vikapu viwili, juu ya uchaga ulio juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiiguse. Mikono ilikuwapo: mama, mimi, dada zangu wawili. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu. Kwetu hakuna mtu anayetia mbegu ardhini mpaka mkubwa wa mji, yaani boma la ukoo, naye ndiye baba, aweke ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Akiwa mgonjwa atabebwa mpaka shambani. Akiwa safarini atangojwa.

"Mama, tupande," nikamwambia siku ya tatu ya mvua.

"Baba yako hayupo."

"Mvua ipo."

"Ukimtangulia kutia mbegu, kisha mtoto akashikwa na homa mji huu, hata mwakani, watasema ni mkono wako. Utaishi nalo hilo?"

Nikamwambia nitaishi nalo. Akasema yeye hawezi. Akaniagiza nishuke Malindi kesho yake nikamlete baba, na nisikae njiani.

Kabla ya kuondoka nilichota konzi moja ya mbegu, nikachimba mashimo kumi na mawili nyuma ya banda la mbuzi, nikapanda na kuyafukia kwa mguu. Sikumwambia mtu.

Nusu ya njia nilikwenda na tope hadi magotini. Nusu ya pili vumbi tupu. Ilikuwa kama mtu amepiga mstari, huku kumenyesha, huku hakujui mvua. Nilipofika Malindi mchanga uliniunguza nyayo na mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kusingizia.

Nilimkuta baba barazani kwa mwalimu, kati ya watu wazima, kikombe cha kahawa mkononi. Niliwapa shikamoo mmoja mmoja mpaka wakaisha, maana adabu haingoji shida, kisha nikasema kwetu kumenyesha siku nne. Wakacheka. Mmoja, mwenye minazi, aliuliza mbona sikuwaletea kidogo kibuyuni. Mwalimu peke yake hakucheka. Alisema taratibu kwamba mvua ya mwongo ule ni ya kupita njia, masika yenyewe bado siku kumi na moja.

"Umesikia?" baba akaniuliza.

Nikainua mguu wangu mmoja. Tope lilikuwa limenikaukia mpaka gotini. "Baba, hili tope ni la wapi?"

Nilidhani nimeshinda. Baba alilitazama tope, akawatazama wale watu, nami nikaona wazi kwamba anawafikiria kwale.

"Kanawe miguu," akasema. "Unachafua baraza ya watu."

Siku tatu nilikaa Malindi nikimfuata kama deni. Akienda msikitini kuwangoja wenyeji wake watoke, nipo nje. Akienda kula, nipo. Kila nikifungua kinywa ananiambia mbingu ni moja. Hata leo, mzee kama mimi, nikikumbuka neno hilo damu yangu huchemka. Mbingu ni moja, lakini shamba lako liko mahali.

Siku ya tatu jioni akaja muuza mkaa kutoka upande wetu, mtu mzima mwenye mvi, akasema yale yale niliyoyasema mimi. Hapo baba akaamini. Maneno hayakubadilika, ila kinywa.

Tulirudi mbio. Tulipofika udongo ulikuwa umeshika ukoko, unapasuka pembeni, lakini ndani bado kulikuwa na unyevu. Kama angeweka mbegu ya kwanza jioni ile ile, tungevuna. Nalisema hili kwa sababu nimelima miaka mingi tangu siku hiyo na ninajua.

Lakini alikwenda kutazama mbuzi wake. Nyuma ya banda aliikuta mimea kumi na miwili, kimo cha kidole, kijani kibichi, imesimama sawasawa. Hakunipiga. Aliing'oa mmoja mmoja, akailaza chini kwa safu, kisha akasema ardhi imetiwa mkosi na haipandiki mpaka itakaswe. Wazee wakaitwa, kondoo akatafutwa, ikachukua siku sita. Kwa hiyo na mimi nina sehemu yangu katika njaa ile. Silikatai. Ila ile mimea haikuwa imekosa kitu.

Siku ya sita, wakati wazee wanapangusa mikono, huko Malindi masika yakaanguka. Siku ile ile aliyoitaja mwalimu. Wapita njia walituletea habari wakimsifu, na baba alisimama mlangoni akiitikia kwa kichwa, juu yake jua kali. Kwetu halikudondoka tone. Akapanda hivyo hivyo, katika vumbi, jambo aliloapa hatalifanya. Kwale wakaja.

Baba hakusema kamwe kwamba alikosea. Alisema mwalimu alisema kweli. Na ni kweli, alisema kweli, ya Malindi.

Upepo wa kusi ulipokolea, hatukuwa na kitu juu ya uchaga ila masizi. Niliaga nikatafute kazi ya kubeba marobota ya pamba pwani. Mama alinisindikiza mpaka njia panda.

"Ile kumi na miwili," akaniuliza, "ingezaa?"

"Ingezaa, mama."

Akageuka akarudi nyumbani.

Nilibeba marobota, nikachunga ng'ombe wa watu Mariakani, nikajifunza kusoma miezi mitano, basi. Katika ofisi moja ya serikali niliona kopo la shaba limesimikwa uani, nikamwuliza karani ni la nini. La kupimia mvua, akasema. Mvua ya wapi? Akanishangaa. "Ya hapa lilipo." Ndiyo maneno ya kwanza ya maana niliyowahi kuyasikia juu ya hali ya hewa. Siku hizi redio inatoa utabiri wa Pwani yote kwa pumzi moja, na wajukuu wangu wanakimbilia majembe. Mimi natoka kwanza kutazama uani.

Leo nina shamba la eka kumi na nane hapa Ganze. Nina ng'ombe kumi na mmoja na mbuzi sikuwahesabu wiki hii. Nyumba moja ya mabati. Kisima nilichokichimba mwenyewe. Debe moja uani, nimelitia alama za msumari kwa ndani. Vikapu sita vya mbegu juu ya moshi, na mke ambaye, nikiwa sipo na debe likifika alama ya tatu, hupanda bila kuningoja.