Bikombe na Fishi ya Yaya Simone

Kila asubuhi, mbele muntu yeyote aseme neno, yaya Simone, dada yangu mukubwa, alikuwa anapanga bikombe kwenye meza. Bilikuwa bitano, bya chuma, rangi imebanduka pembeni, kila moja kwa fasi yake. Ya kwanza ya mama, ya pili yake mwenyewe, ya tatu yangu, ya ine ya baba, ya tano ya mugeni. Alimimina chai bila kuangalia, macho iko kwa dirisha, na kwa ile ya ine alitia maji ya maganda ya muti, chungu sana, juu baba alikuwa mugonjwa wa kifua. Taa tulikuwa hatuwashe. Baba alinyoosha mukono ndani ya giza na kushika ya ine, aliijua kwa vidole, na sisi kila muntu yake.

Yaya alikuwa anatumika kazi kwa biro, ofisi ya mashini, katika kampani moja yenye kutengenezea migodi vyuma. Kambi yetu ilikuwa ya kampani ileile, na nyumba ilikuwa kwa jina ya baba, mutumikaji wao wa zamani, juu binti hakupewa nyumba: anayetumika iko na nyumba, anayetoka kazi anatoka na nyumba. Mutoto wa kambi alijua ile mbele ya kujua kuhesabu.

Kazi yake ilikuwa kupiga matundu kwenye fishi. Fishi ni karatasi ngumu. Matundu njo maneno, na ordinateur, ile mashini ya kuhesabu, inayasoma. Kisha kampani ikaleta mwalimu afundishe bachache namna ya kuandika programu benyewe, na yaya akachaguliwa. Mangaribi alirudi na masomo kichwani na kunipa mimi, mwenye niliacha masomo mwaka ya ine. Ubao hatukuwa nayo, tulikuwa na bikombe.

Alisema liste ni mustari. Kila kitu kwa mustari iko na namba, na hauite kitu kwa jina, unaita namba: nipe ya tatu. Kuongeza nyuma ni rahisi, unaweka kikombe pembeni ya ile ya mwisho, hakuna anayesumbuka. Kuingiza katikati njo mateso, juu bote ba nyuma banasogea, kila mumoja anapata namba ingine. Na liste mbili zinaweza kutembea pamoja. Bikombe njo ya kwanza, chenye unatia ndani njo ya pili.

"Sasa kitu gani inafunga muti wa baba na kikombe ya baba?" aliniuliza.

Nikasema labda kamba.

"Namba tu. Ya ine kwa ya ine. Kamba haiko."

Ile mwaka njo serikali ilikataza majina ya kizungu. Nyumbani aliendelea kuwa Simone, kwa sauti ya chini. Kwa biro akawa Citoyenne, ni kusema raia, Mwansa, jina yake ya kienyeji, juu kwetu kila mutoto iko na yake, haiko ya baba. Liste ya batumikaji ba kampani ilikuwa inafuata majina ya batizo: ba Antoine juu, ba Stanislas kule chini. Jirani wetu Antoine Mutale, mwenye tulikuwa naye ukuta moja, alikuwa juu. Baba, Stanislas Kapya, alikuwa karibu ya mwisho.

Shaba nayo ilianguka bei, na kampani ikataka kupunguza bantu. Bashefu na munganga balikaa, bakaandika kwa kila mutumikaji neno moja: anabaki, ao anatoka. Shefu wa biro, citoyen Kalaba, akamupa yaya kazi ya kutoa liste. Ilikuwa programu yake ya kwanza bila mwalimu pembeni. Alitosha inje majina ya batizo, akaambia mashini ipange bantu upya kwa majina yenye yalibakia. Liste ya ile maneno ilikuwa tayari kwa fishi zingine, hakuigusa. Karatasi ilitoka safi. Ile siku alileta nyumbani mikate ya sukari, na mama akamuuliza kama anaolewa.

Karatasi ikabandikwa karibu na kantini. Baba, mwenye alikuwa anakohoa mupaka jirani wanapiga ukuta, anabaki. Mutale, mwenye alikuwa anabeba gunia ya unga kwa bega moja na mutoto kwa ingine, anatoka. Bantu balicheka kwanza. Mutale naye akacheka, akamwambia baba, "Mwalimu wangu, unifundishe kukohoa, labda bataniita tena." Baba alikuwa ameanza kukohoa.

Muke wa Mutale, Julienne, hakucheka. Alikuja kwetu kuuliza yaya kama mashini inaweza kukosea, na yaya akamujibu kwa upole kama mashini haina ndugu wala adui. Alikuwa anaisadiki ile. Bakapewa mwisho wa mwezi kuacha nyumba. Julienne akaanza kufunga bintu, na Bijou, mutoto wao mudogo, akalala kwetu juu kitanda yao ilikuwa imeuzishwa.

Asubuhi yaya alipanga bikombe, akaenda kuchukua birika, na Bijou akaamuka mbele ya sisi bote. Alikuta bikombe kwa meza, akabicheza kwa mwangaza kidogo ya dirisha: byeupe huku, bya bluu kule. Yaya akarudi, akamimina kama siku zote, macho kwa dirisha, na muti kwa ya ine. Bijou njo alionja wa kwanza, akatema, akalia. Ndani ya mukono yake ilikuwa kikombe ya mugeni, yenye sasa ilikuwa ya ine kwa mustari. Kikombe ya baba ilikuwa kwa nafasi ya mama, na alikuwa anakunywa chai tamu, labda alifurahi.

Mimi niliangalia yaya. Alisimama na birika mukononi, maji inamwangika kwa sakafu. Alikamata bikombe mikononi mwetu, akabirudisha kwa nafasi yao moja moja, kisha akabigeuza tena kama Bijou alivyobigeuza, na akaangalia ndani ya kila moja. Nilimuona midomo inatembea, akasema pole pole: Majina ilisogea, maneno ilibakia.

Alituambia palepale. Neno la baba, anatoka, lilibaki kule chini kwa nafasi ya ba Stanislas, na sasa kwa ile nafasi iko Mutale. Na haiko beye babili tu; liste nzima ilikuwa imevaa nguo ya muntu mwingine.

Mama alifunga mulango. "Simone, nyamaza. Nyumba hii tutaenda wapi tukiiacha? Baba yako atalima na kifua gani?"

Yaya akaangalia baba. Baba alichukua tena kikombe yake, akamaliza chai, akauliza kitu moja tu: kama Mutale anajua. Yaya akasema hapana. Baba akavaa kofia, akaenda kazini. Hakumwambia sema, hakumwambia usiseme. Nafikiri ile njo ilimuumiza yaya zaidi.

Yaya alisema. Aliingia kwa citoyen Kalaba na kumuelezea yote, na juu alitaka asadikike, akamupa mufano: baba yangu Kapya, munganga alimuandikia atoke, muangalie. Kalaba hakukasirika. Alifungua karatasi ya munganga, akaona ni kweli. Halafu akamuelezea, pole pole kama kwa mutoto, kama liste imesainiwa juu na kila muntu amekwisha kupewa namba yake. Kumurudisha Mutale katikati, bote ba nyuma yake basogee, saini zote zianze upya.

"Hatuwezi kuingiza," alisema. "Lakini kuongeza nyuma, inawezekana."

Yaya hakusikia maana mara moja. Kalaba akamusukumia fishi moja nyeupe.

"Kapya. Anatoka. Uiweke mwisho."

"Na Mutale?"

"Mutale amekwisha toka, citoyenne."

Akamuuliza tena juu ya bale bengine. Kalaba akasema bale hakuna muntu amewataja.

Alipiga ile fishi yeye mwenyewe. Alituambia ile mangaribi, amesimama, hakukaa. Mama hakumupiga, hakulia. Alienda tu kushusha nguo kwa kamba, na zilikuwa bado mbichi.

Camion, lori moja, ilibeba nyumba mbili mupaka Kasungami, inje ya muji. Mutale na baba balikaa juu ya magodoro, bega kwa bega, na Mutale hakuwa tena na mizaha. Julienne hakumusalimia yaya. Hata ile chumba ya udongo tuliyopata, Bijou hakuruhusiwa na mama yake kuingia.

Asubuhi ya kwanza kule, yaya alitosha bikombe ndani ya gunia. Meza haikuwa. Alibipanga chini, kwa udongo, mustari moja: ya mama, yake, yangu, ya baba, ya mugeni. Akaangalia sana mbele ya kumimina. Akatia muti kwa ya ine, akamugusa baba kwa mukono, akamushikisha. Yake hakuijaza.

Akavaa gauni yake ya biro, na biro hakuikanyaga tena tangu ile fishi. Mama akamuuliza anaenda kazi gani tena. Akasema anaenda kuangalia njia ya maji. Ndoo ilikuwa kwa mulango. Aliipita, akapita na nyumba ya Julienne, akashika barabara upande ya shamba za muhogo, na mimi nilibaki nimesimama mupaka chai yangu ikapoa. Hakurudi tena, mupaka leo.