Ng'ombe Kumi na Sita na Ndama

Mimi nauza omena, dagaa wa ziwani, hapa Mbita, na ulimi wangu haujui kutulia. Basi nakiri mapema: nilimcheka Nyangi. Mwaka jana, kwenye mashindano ya kuogelea ya walemavu mjini Homa Bay, alifika ukutani mara ya kwanza, akashika ukingo, akajivuta nje na kuniomba taulo. Wenzake walikuwa wamegeuka, wanarudi. Mbio zilikuwa za mita mia nne, yaani safari kumi na sita za bwawa lile, naye amemaliza moja!

"Si nimefika ng'ambo?" aliniuliza.

Kosa hilo alilitoa ziwani. Nyangi ni Mkuria wa Kehancha. Alikuwa na miaka thelathini na minne shimo la dhahabu lilipoporomoka kule Osiri, akapoteza mguu wa kushoto. Akahamia kwa dada yake Rusinga. Magongo yalimchubua makwapa, na miaka miwili baadaye akagundua kwamba majini hayahitaji. Akajifunza kuogelea kichwa juu, macho yakitafuta viboko, moja kwa moja mpaka ng'ambo. Na ukifika ng'ambo, unatoka.

Mwaka huu ametimiza arobaini na sita. Nafasi ya kwenda mashindano ya taifa Nairobi na timu ya kaunti ilikuwa moja tu katika daraja lake, na Terry, msichana wa miaka kumi na tisa aliyezaliwa bila mguu mmoja, aliitaka vilevile. Kamati ilishaamua: wawili hao washindane mita mia nne, na Nyangi akishindwa, ataenda kuwapikia waogeleaji ugali. Mpishi! Nilikasirika mpaka nikamwaga debe la omena.

Gordon, kocha wao, ndiye pekee aliyebisha. "Terry ako na miaka kumi na nne ndani ya maji," aliwaambia. "Mama Nyangi ako na kumi tu. Sasa mzee hapa ni nani?"

Lakini mwili una hesabu zake. Baada ya mazoezi makali Terry alilala usiku mmoja akaamka mzima, ilhali mabega ya Nyangi yalidai siku mbili. Gordon akampangia siku chache, akamfundisha kugeuka ukutani na kuzamisha uso. "Hii maji haina kiboko, mama!" Akamkataza pia kumfukuza mtu mwanzoni. Tatizo likabaki kuhesabu: kila mara, akifika safari ya tisa, hesabu zinampotea.

"Hesabu kitu yenye huwezi sahau," Gordon akamshauri. Nyangi akafikiri, akacheka peke yake.

Siku ya mchujo ikafika. Filimbi ilipolia, Terry aliondoka kama aliyefukuzwa na nyuki. Kufikia safari ya nane alikuwa mbele nusu bwawa, nami tayari namwona Nyangi na mwiko. Kumbe! Safari ya kumi na moja mikono ya Terry ikaanza kuwa mizito. Ya Nyangi ilikwenda vilevile kama mwanzo.

"Yawa, Nyangi! Dhi! Dhi!" Nilimhimiza aende kwa Kijaluo, nikipunga magongo yake juu ya vichwa vya watu. Safari ya mwisho walikwenda bega kwa bega. Mkono ukagusa ukuta, saa ikasimama, na jina lililosomwa kwanza lilikuwa la Nyangi! Nililia, nikaruka, nikamkumbatia mwenyekiti wa kamati niliyekuwa namchukia.

Lakini Nyangi hakusikia. Alikuwa ameshageuka, anaogelea tena! Gordon alikimbia kando ya bwawa akipayuka, "Imeisha, mama! Umeshinda!" Wapi. Alikwenda mpaka mwisho, akashika ukingo, akauliza taulo iko wapi. Nikazunguka bwawa mbio na taulo na magongo.

"Kwani ulikuwa unahesabu nini wewe?"

"Ng'ombe za mahari yangu. Kumi na sita, na kila moja naijua rangi."

"Na hii safari ya kumi na saba?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosea.

"Ndama. Alizaliwa njiani wakipelekwa kwa baba. Ningemwacha huko?"