Mzee Rómulo Apelekwa Wodi ya Wazazi

Nélida Vaca alikuwa na mimba ya miezi mitano alipotangaza pale Montero kwamba anakwenda Potosí kumwona mama mkwe wake. Mumewe, Plácido, mzaliwa wa huko, alikuwa ametangulia kumwezekea mama yake nyumba. Montero ni nchi ya miwa na joto. Potosí iko juu milimani, mita elfu nne, ambako hata viazi huchelewa kuiva. Mtaa mzima ukamjia juu. Jirani mmoja alimhakikishia kwamba mtoto atatoka rangi ya bluu. Daktari wa zahanati alimpima, akasema mimba iko salama na damu inatosha. Akifika apumzike siku mbili, anywe maji, asibebe mizigo, na kichwa kikimgonga sana au akitokwa na damu, ashuke mara moja.

Baba yake, Rómulo, fundi wa kuchomelea vyuma, hakuridhika.

"Huko hakuna hewa," alisema. "Basi tutakwenda na yetu."

Asubuhi ya safari alifika kituoni akibiringisha mtungi wa oksijeni wa karakana, mrefu kama yeye, ameuviringishia blanketi.

"Huyo nani?" dereva akauliza.

"Mgonjwa."

"Mgonjwa gani ana koki kichwani? Mzee, bomu hilo!"

Walibishana hadi abiria wakaanza kupiga miluzi. Mwishowe dereva akakubali kuupakia, ila uwe mtupu. Rómulo akafungua koki, na hewa yote ikatoka fwiii, mbele ya watu ambao hawakuihitaji. Nélida akadhani basi, mtungi utarudi nyumbani. Wapi! Mzee akaupakia vilevile.

"Baba, una nini tena humo?"

"Nimeuaga mtaa nikiwa nao, mwanangu. Nikiurudisha nitachekwa."

Basi lilipoanza kupanda milima, Rómulo alinyamaza, jambo ambalo Nélida hakuwahi kuliona. Kisha akatapikia kofia yake. Nélida mwenyewe pumzi zilikuwa fupi kidogo, lakini alikuwa anakula mkate na jibini, akimpepea baba yake.

Huko Potosí, Plácido na kaka zake watatu walikuwa wanangoja na kiti walichokifungia miti miwili, wampandishe mja mzito kilimani. Wakampandisha Rómulo. Nélida alifuata nyuma polepole, akipumzika kila hatua kumi, huku mama mkwe wake, Mama Eusebia, akimshika mkono.

"Hebu niambie, mwanangu," alisema Mama Eusebia, "mimba iko kwako au kwa baba yako?"

Nélida alicheka hadi ikabidi aketi ukutani kutafuta pumzi.

Mzee akazidi kukosa pumzi, wakampeleka hospitalini, na huko kitanda pekee kilichobaki chenye oksijeni kilikuwa cha wodi ya wazazi. Muuguzi hakuinua macho kwenye daftari.

"Miezi mingapi?"

Rómulo akadhani anaulizwa umri. "Sitini na mmoja," akajibu kwa unyonge.

Muuguzi akaandika. Mwanamke wa kitanda cha pili, tumbo lake limefika kidevuni, akamtazama mzee kwa huruma. "Pole, mwenzangu," akasema. "Mimi naona tisa tu imenishinda."

Daktari alimpima na Nélida pia, presha na kila kitu, kisha akaweka kifaa tumboni. Mapigo ya mtoto yakajaa chumba kizima, ya haraka, kama punda mdogo anayekimbia. Nélida akashika shuka. Ndipo alipojua kwamba njia nzima alikuwa anaogopa, ila hakuwa na nafasi ya kuogopa.

Rómulo akainua barakoa ya oksijeni. "Anapumua?"

"Hapumui, baba. Hajazaliwa."

"Afadhali," akasema mzee, akairudisha barakoa. "Asianze hapa."

Walishuka siku ya nne. Mtoto, msichana, alizaliwa Montero katikati ya mvua, kilo tatu na ushei, na Mama Eusebia alishuka mlimani kuja kumwogesha.