Kaa la Betri Lililokataa Kutulia

Siku Ridha alipomtia machoni kwa mara ya kwanza mwalimu mmoja wa kemia asiye na mume, mwalimu huyo alikuja kwenye kibanda cha Ridha cha kuchaji betri pale Wete, akaomba umeme, akatumbukiza kaa la betri kavu ndani ya chupa ya tindikali. Alitaka kaa lile, likila umeme, ligeuke unga wa kuchujia maji ya kisima. Kaa likavimba, likamomonyoka kabla ya kuiva, yaani kabla umeme haujaligeuza lote, na chembe zilizoanguka chini umeme haukuzifikia tena. Kila alasiri mwalimu alirudi na kaa lililochongwa umbo jipya, vidole vyeusi tii, akilibembeleza: "Tulia bibi we, usinitupe." Ridha, mshika waya, hakuambiwa hata nusu ya maneno hayo. Alitaka kumuuliza kama anaweza kutuma wazee kwao, lakini kila akifumbua mdomo husikia, "Shika vizuri, kaka."

Siku mwalimu alipozibana chembe ndani ya kimfuko cha wavu wa plastiki, zikashikana mpaka zikaiva zote, Ridha akasafisha koo. Mwalimu alikuwa keshapata uhamisho, mizigo imefungwa. "Allah akuzidishie, kaka Ridha," alisema akicheka. "Mwanamme mwengine angeshaleta posa zamani."