Silinda ya Kushoto

Nyumba yetu ya mtaa wa Kuze ilishikana ukuta na msikiti. Baba alipoileta mashine ya kukereza chuma na kuiweka chumba cha chini, kabla mimi sijazaliwa, wazee wa mtaa walimjia. Hawakumgombeza. Walikunywa kahawa yake, wakamwombea heri, kisha wakamwambia neno moja tu: mashine isisikike adhana ikiadhiniwa. Baba akakubali, na kwa miaka yote niliyomjua hakulivunja sharti lile hata mara moja. Takbira ya kwanza ikitoka kwenye kipaza sauti, mkono wake ulikuwa ushafika kwenye swichi. Nami nilipoanza kujifunza kazi ile, somo la kwanza halikuwa kushika kisu cha mashine wala kupima. Lilikuwa kuzima.

Nalieleza hili mapema kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Baba alikuwa mkereza katika karakana ya reli tangu enzi za magari ya mvuke. Alipostaafu alianza kuunda kichwa cha gari moshi kidogo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima toka bega hadi ncha ya vidole. Hakikuwa pambo la kabatini. Kilikuwa kiende kwa moto na maji, kama vile vikubwa alivyovitengeneza ujana wake wote, na kila skrubu ilitoka mikononi mwake. Kaka zangu wawili walikuwa wamekwenda Uarabuni kutafuta riziki, na hata walipokuwapo nyumbani waliogopa kuchafua kanzu. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki. Aliyebaki kumshikia baba chuma ni mimi, binti yake, mwalimu wa shule ya msingi kule Tudor, ambaye kila adhuhuri nilivua buibui, nikajifunga leso kiunoni na kitambaa kichwani, nikashuka chini.

Shangazi yangu alipenda kuchungulia dirishani. "Mwana wa kike huyu," alikuwa akisema, "siku ya hina wataitia wapi? Juu ya girisi?" Nami sikuumbwa bila ulimi. Nilimjibu kwamba hina hufutika kwa wiki mbili, girisi hudumu. Alinifyonya akaenda zake, na siku ya pili akarudi.

Katikati ya miaka ya tisini macho ya baba yakaanza kufinyika. Ilikuwa presha ya macho, na tulikuwa tumechelewa. Mwenyewe alisema ni kama kutazama kupitia bomba, na kila mwezi mtu analibadilisha lile bomba kwa jingine jembamba zaidi. Daktari alimpa matone, kisha akanivuta kando kwenye ukumbi. Matone yatachelewesha, aliniambia, hayatarudisha. "Kama kuna jambo mzee anataka kuliona, msilicheleweshe."

Jambo lenyewe nililijua. Makka alikwisha kwenda. Wajukuu aliwaona kwa picha, akatosheka. Alichotaka ni kuyaona magurudumu yale yakizunguka kwa mvuke, mara moja tu, basi. Tuliporudi nyumbani aliketi kwenye baraza, akaniambia, "Silinda ya kushoto, mama. Imebaki hiyo tu. Mimi mato hayanipi tena," akagusa kope zake.

Silinda ni kikombe cha shaba ambamo pistoni huenda na kurudi ikisukumwa na mvuke, na gari lile lilikuwa nazo mbili, moja kila upande. Shaba yake ilitoka kwa mzee mmoja wa Kihindi muuza vyuma chakavu, kipande kinene cha meli ya zamani, na kipande chenyewe kilitosha kukata vikombe vitatu, si zaidi. Cha kwanza baba alikikereza akiwa na macho yake mazima, ikawa silinda ya kulia. Cha pili alikiharibu. Hakuweza tena kuzisoma tarakimu kwenye mkono wa mashine, akakipitisha kisu mahali pasipopitishwa. Hakuniambia. Nilikiokota chini ya meza, kimefunikwa gunia, nikakirudisha pale pale nikajifanya sikukiona. Hivyo ndivyo tulivyokuwa nyumbani kwetu, kila mmoja akimfichia mwenzake aibu yake kwa mapenzi. Cha tatu kilikuwa changu.

Nilikifanyia kazi kwa hofu. Baba aliketi nje barazani, chini ya dirisha la chumba cha mashine, na bakora yake, akisikiliza. Kwa masikio alikuwa fundi kuliko nilivyokuwa mimi kwa macho. "Kisu kimekuwa butu," alinipigia kelele. "Watia mafuta machache." Jioni aliingia akatia kidole ndani ya tundu, akapitisha ukucha polepole, maana ukucha wake ulihisi kasoro ambayo jicho halikuiona. Kila siku alisema neno moja tu: "Endelea." Kila siku nilihesabu moyoni ni siku ngapi zimebaki ndani ya lile bomba lake.

Siku yenyewe umeme ulikatika toka asubuhi, ukarudi alasiri ikikaribia. Ilikuwa imebaki mkato wa mwisho, wa thau mbili. Thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi, nayo mikononi mwa mafundi wa zamani ni kitu kinachohesabika kama punje za mchele. Mkato wa mwisho huenda wenyewe, kisu kikitambaa ndani ya tundu bila kusimama, na wangu ungechukua kama dakika saba. Saa ya ukutani ilinipa dakika kumi kabla ya adhana. Mtu mwenye akili zake angengoja adhana ipite. Lakini juzi yake baba alikuwa amenimiminia chai pembeni ya kikombe, juu ya meza, akaendelea kumimina huku akinisimulia habari za karakana, nami nikaishika birika. Sikuwa na subira iliyobaki. Nikawasha.

Nadhani saa ile ilichelewa, au adhana ilitangulia. Sikujali kujua baadaye. "Allahu akbar" ikapasua ukuta, na mkono wangu haukuniuliza. Ukazima.

Mashine ikafa na kisu kikiwa ndani, katikati ya njia. Hilo peke yake lingeacha alama ya duara tu. Kosa kubwa lilikuwa la pili. Nilitaharuki, nikavuta kisu nje moja kwa moja, bila kwanza kukiachanisha na ukuta wa tundu. Nilikisikia kikilia. Nikatia kidole ndani, na ukucha wangu ukanasa kwenye mfereji uliotoka huku ukafika kule.

Nilisimama pale na adhana yote ikanipitia kichwani. Sikuiitikia. Namwomba Mungu anisamehe, lakini siku ile niliichukia sauti ya muadhini na niliuchukia mkono wangu, ule mkono mtiifu uliofunzwa vizuri mno.

"Vipi, mama?" baba aliuliza kutoka nje, adhana ilipokwisha.

"Salama, baba. Nilisimama kwa adhana."

"Haya," alisema. Akanyanyuka kwenda msikitini, bakora ikigonga ukuta kwa ukuta.

Usiku ule sikulala, na kulipokucha nilikuwa na mpango. Ningelipanua tundu mpaka mfereji upotee. Maskini mimi, nilidhani nimepata dawa. Mfereji ulikuwa na kina, ukaniburuta hadi thau ishirini na mbili. Tundu likawa safi kama kioo, lakini pistoni aliyoikereza baba sasa ilicheza ndani yake kama kidole ndani ya pete ya mtu mnene. Ikabidi nikereze pistoni mpya. Pistoni mpya ikataka mikanda mipya ya kuziba mvuke. Kifuniko cha silinda nacho kikakataa kuingia. Uwongo mmoja huzaa, na wangu ulizaa mapacha. Baba akiuliza kazi imefika wapi, nilisema umeme umenichelewesha. Kesho yake nilisema mitihani ya watoto. Jioni akitaka kupitisha ukucha, nilisema silinda nimeiloweka kwenye mafuta. Alisema "haya" kwa kila jambo. Shule nilituma habari kwamba naumwa, nikashinda chini siku nzima, vidole vimechanika kwa vumbi la shaba, na roho yangu ikikimbia kama mtu aliyeachwa na feri. Wiki tatu zikaenda hivyo.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, nilimpelekea baba chai. Alikuwa ameketi kitandani, ameshika mswaki wake mkononi.

"Sabalkheri, baba."

"Sabalkheri. Umeme umekatika?"

Balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Niliitazama, nikamtazama yeye.

"Ndiyo, baba," nilisema. "Umekatika."

Kisha nikaenda kwenye swichi nikaizima ile taa, taratibu isisikike, ili uwongo wangu uwe kweli. Nikakaa naye gizani. Baba akanywa chai. Jua likapanda, likaingia dirishani, likamfikia shavuni. Akalipapasa lile joto usoni kwake kwa kiganja.

"Na jua nalo," aliuliza, "limekatika?"

Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Nilimaliza silinda siku nane baadaye. Sijui kwa nini niliendelea. Labda kwa sababu kuacha kulikuwa kubaya zaidi. Tulikiweka kile kichwa cha gari uani juu ya matofali mawili, magurudumu yakiwa hewani, ili yazunguke papo hapo bila reli. Boila tuliijaza maji ya mvua aliyoyahifadhi baba kwenye mtungi, maana maji ya kisima chetu yana chumvi na alisema hawezi kulilisha gari lake sumu. Nikaponda makaa, nikawasha. Baba aliketi kwenye kigoda, kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito, ile ya kudariziwa, kichwani kama mtu aliyealikwa harusini. Tulingoja. Boila ikaanza kunong'ona. Nikafungua mvuke.

Gari lilikohoa maji, likatetemeka, kisha magurudumu yakazunguka. Kwa kweli yalizunguka! Mvuke ulipanda mpaka kwenye kamba ya nguo, na harufu ya mafuta ya moto ikajaa uani. Nilimgeukia baba nione furaha yake.

Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nami nikasikia alichokisikia. Pigo zito, pigo jepesi. Zito, jepesi. Gari lilichechemea.

"Ya kushoto umeipanua," alisema.

"Naam, baba."

"Kiasi gani?"

"Thau ishirini na mbili."

Akahesabu mapigo kwa kidole juu ya goti. "Ni siku ile ya alasiri. Nalisikia mashine yazimika na kisu ki ndani. Kisha nalikusikia ukikivuta nje."

"Ulijua?" Nilikaa chini, sakafuni. "Baba, ulijua siku zote hizo? Kwa nini hukusema?"

"Nalingoja uniambie wewe," alisema. "Kazi ni yako. Na mimi nalikificha changu chini ya gunia, ningekuuliza kwa uso gani?" Kisha, bila ukali wowote, kama anavyomweleza mwanafunzi, akasema, "Mfereji ule haukuwa kitu, mama. Ungeuacha. Mvuke ungevuja kidogo ubavuni, basi. Mangapi ya reli yalikwenda Nairobi na kurudi yakivuja. Lingetembea siku ile ile."

Siku ile ile. Siku ile bado alikuwa na bomba lake jembamba, na magurudumu yangetosha ndani yake.

Nilimkasirikia. Naona haya kulisema, lakini nilimkasirikia yeye kwanza kabla ya kujigeukia mwenyewe. Nilitaka kumpigia kelele kwamba neno moja tu kupitia dirisha lile lingetosha, yeye aliyenikemea kwa kisu butu na mafuta machache. Sikuweza. Neno hilo hilo moja lilikuwa kinywani mwangu pia, wiki tatu nzima, na sikulitoa. Yeye alipoteza macho akingoja nimwamini. Hilo nimelala nalo miaka yote hii, na halijapungua uzito.

Gari liliendelea kuchechemea juu ya matofali. Baba akanyoosha mkono kuelekea kwenye sauti, akaufikisha karibu ya magurudumu mpaka upepo wake ukamgusa vidole, joto likamrudisha nyuma.

"Laenda mbele," aliuliza, "au larudi nyuma?"

Nilifuta macho nikatazama. Wenzo wa kubadilisha mwendo nilikuwa nimeuweka kinyume, kwa haraka zangu. Magurudumu yalikuwa yanarudi nyuma, yote, kwa bidii kabisa. Sauti haikutofautiana, na uani tulikuwa wawili tu. Kusema "mbele" kungekuwa jambo jepesi sana, na uso wake ulikuwa unalingoja.

"Larudi nyuma, baba," nilisema. "Nimekosea wenzo."

Alicheka, akacheka hata akashika mbavu. "Basi ligeuze," alisema.

Nikaligeuza.