Siku Niliyomwamkia Baba Katikati ya Uwanja

Nilikuwa darasa la sita, mfungaji wa timu ya netiboli ya shule yetu kule Marangu, na hasira zangu nilizirithi kwa baba. Baba alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mwema kabisa mpaka kitu kimkatalie. Kuna siku mlango wa banda la ng'ombe uligoma kufunga. Akaung'oa, akautupa mgombani, halafu akashinda kutwa akitengeneza mwingine. Mimi nami, kwenye nusu fainali, nilimzaba kofi mlinzi aliyenivuta sketi. Nikatolewa nje. Wenzangu walishinda kwa taabu bila mimi.

Jumatatu yake mwalimu wetu wa michezo, mama mmoja mfupi asiyepaza sauti, aliniita. Nilijua ni fimbo. Yeye akaniuliza, "Hasira ikikujia, unaanza kuisikia wapi?"

Sikuwahi kuulizwa swali kama hilo. "Masikioni, mwalimu. Yanapata moto."

"Vizuri. Basi yakipata moto tu, inama ufunge kamba za raba. Hata kama zimefungwa. Ukimaliza ndipo uamue la kufanya. Kukasirika sikukatazi. Kupiga ndiko nakukataza."

Fainali ilichezwa Moshi mjini. Tuliteremka na lori, tumesimama nyuma, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Nilivaa raba za mitumba, nyeupe, zimenizidi kidogo. Uwanja ulifurika! Sikuwahi kuona watu wengi hivyo wakiwatazama wasichana.

Mlinzi wao alikuwa mrefu, ananipumulia shingoni. Akanikanyaga. Masikio yakawaka. Nikainama, nikafunga kamba. Akanipiga kiwiko. Nikainama tena. Watazamaji wakaanza kucheka, "Huyo mtoto kamba zake zina nini?" Mpaka mapumziko nilikuwa nimeinama mara tano na kufunga magoli tisa, na nilijihisi mwepesi ajabu.

Dakika za mwisho tulikuwa sare. Nikaruka kudaka mpira, yule mlinzi akanisukuma, nikaanguka, goti likachubuka. Kipenga kimya. Nilipoinua kichwa nikamwona baba. Sikujua hata kama amekuja. Alikuwa ameshavuka mstari, buti zake za shambani miguuni, ngumi imekunjwa, anamwendea mwamuzi.

Akimgusa tu, tumekwisha. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nilikimbia nikasimama mbele yake, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba," akajibu.

Lilimtoka lenyewe, kama kila asubuhi. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Baba akasimama, akaitazama ngumi yake kana kwamba si yake.

"Baba," nikamnong'oneza, "masikio yako yana moto?"

Akashika sikio. "Yanaungua," akasema kwa mshangao. Kisha akageuka, akarudi nyuma ya mstari huku anatazama chini.

Mwamuzi aliona damu gotini, akasimamisha mchezo nifutwe, kisha tukaendelea. Mpira ulinifikia mara moja tu. Nikarusha. Ukazunguka kwenye pete, ukasita, ukaingia! Kipenga cha mwisho kikalia, na mimi nikajikuta juujuu mikononi mwa wenzangu, napiga kelele nisizozielewa.

Baba alirudi nasi kwenye lori. Njia nzima wasichana waliimba. Tulipoanza kupanda mlima akainama sikioni kwangu.

"Unajua, pale sikuwa na hasira. Nilipokuona umelala chini, niliogopa."

Sikujua kama baba huogopa. Nilimwegemea.

Tangu siku hiyo nilimwona mara nyingi akiacha ugomvi katikati na kutokomea kwenye mibuni, akarudi ametulia. Si kila mara. Lakini jioni ile, ndani ya lori, alipiga makofi akaimba nasi, sauti yake nzito ikipotea njia kwenye kila kiitikio, na hakuna aliyecheka kuliko yeye.